Mwanamke wa Kombe Asiye na Pua

Juzi nilipita na binti yangu kwenye duka la vitu vya kale hapa Karatu, lile ambalo watalii hushukia wakielekea Ngorongoro. Kwenye sinia la vikuku na shanga nikaona pini ya kifuani iliyochongwa uso wa mwanamke. Nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, kama nilivyofundishwa utotoni.

Nikueleze, rafiki. Pini za namna hii, kameo, nyingi huchongwa kwenye kombe la bahari. Kombe lina matabaka: jeupe juu, la kahawia chini. Mafundi wa zamani huko Ulaya walikwangua weupe, wakabakisha uso tu. Kombe la kweli hupitisha mwanga kidogo. Plastiki nzito haipitishi.

Bibi yangu, aliyetoka Singida kuja kuchuma kahawa, alipewa yake na mke wa mwenye shamba siku wenye shamba hao walipohama. Aliifungia shali kwenda kanisani. Na kila Jumamosi, akimaliza kusugua masufuria kwa jivu na gunzi, aliisugua na pini vivyo hivyo. "Cha Jumapili hakibebi vumbi la Jumamosi," alisema. Vumbi letu jekundu unalijua. Mkwaruzo ule nausikia hadi leo, pamoja na harufu ya kahawa iliyoanikwa.

Uso ukaanza kuisha. "Jirani, mzungu wako umemla pua!" akamtania mama wa nyumba ya pili.

"Mwache," bibi akajibu. "Sasa amefanana na ukoo wetu."

Wakacheka, mimi nikanuna. Nilikuwa nimeahidiwa kuivaa siku ya kipaimara, na sasa midomo nayo ilikuwa inafifia. Nikamwambia mwalimu wangu. Akaja jioni, akaiinua mwangani, akamwonyesha bibi weupe ulivyobaki mwembamba kama utando wa uji uliopoa. "Bibi, unachokitoa si uchafu tena. Ni yeye mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata gunzi la bibi liliishia kwenye masufuria. Pini aliipaka tone la mafuta ya alizeti kwa kidole, polepole, kama anavyopakwa mtoto mchanga. Siku yangu ilipofika niliivaa, midomo bado ipo.

Leo shamba lile ni hoteli, vichanja vya kahawa havipo, bibi na mwalimu wametangulia, na pini ya bibi imebaki kwangu. Mimi nimekusanya kameo kadhaa tangu hapo, na kila moja huanza kwa kuinuliwa mwangani. Pale dukani nilimuuliza binti yangu, ambaye kipaimara chake ni Jumapili ijayo, kama nimnunulie hii yenye pua nzima.

Akaitazama sana, akairudisha kwenye sinia. "Nzuri, mama. Ila haifanani na sisi."

Tukapitia sokoni kununua mafuta ya alizeti.