Bibi Mận Ameingia Kitabuni

Jamani, bibi Mận ameingia kitabuni! Ukurasa wa thelathini na moja, mstari wa pili, jina zima: Lưu Thị Mận. Ana miaka themanini na kitu, na ndiyo mara yake ya kwanza kuandikwa kwenye kitabu cha ukoo wake mwenyewe. Na kazi yote hiyo ni ya Khuyên, yule mama wa duka la kuchapa na kutoa kopi nyuma ya soko la wilaya, anayevaa miwani miwili, mmoja puani, mwingine kichwani.

Khuyên anachapa tangu enzi za taipureta. Mikataba, kadi za harusi, hotuba za mwenyekiti wa ushirika, zote zimepita vidoleni mwake. Duka la michezo ya kompyuta la jirani lilipofungwa, akachukua skrini mbili, akaziunganisha na yake.

"Khuyên, kwani una macho mangapi?" muuza supu wa mlango wa pili akamuuliza.

"Mawili, ila nina wateja wenye vichwa vigumu."

Basi ukoo wa Lưu, ndio ukoo wake Khuyên, wakampa kitabu chao akichape upya kabla ya siku ya kuwakumbuka mababu. Kitabu cha zamani kilikuwa kimekunywa maji ya mafuriko, nusu ya kurasa zimeoza. Skrini ya kushoto aliweka picha za kile cha zamani. Ya katikati, ukurasa anaouchapa. Ya kulia, faili lile lile, ila amelifungua mahali pengine, ahakikishe baba wa ukurasa wa kumi hajawa mdogo kuliko mwanawe wa ukurasa wa ishirini. Miezi saba hiyo.

Na moyoni alikuwa na jambo moja tu: bibi Mận aandikwe. Maana kwenye ukoo ule binti huandikwa kwenye kitabu cha ukoo wa mumewe, na bibi Mận hakuolewa. Alibaki nyumbani kulea watoto wa kaka zake. Kwa hiyo hakukuwa na kitabu chochote duniani chenye jina lake.

Siku ya kukagua wakaja wazee wawili. Mzee Thạc, mkuu wa ukoo, tawi la kwanza, akakaa mbele ya skrini ya katikati kwa sababu ndiyo kubwa. Mzee Quynh wa tawi la tatu akaachiwa ile ndogo ya kulia.

"Mbona kaka kapewa sinema, mimi nimepewa kioo cha kunyolea?" Quynh akasema.

"Tawi la kwanza," Thạc akajibu, mkono kwenye sahani ya kashata.

"La kwanza hata kwenye kashata, naona."

Walipofika ukurasa wa thelathini na moja, Quynh akagusa skrini yake. "Khuyên, hapa kwangu mweke shangazi Mận."

Khuyên hakusubiri aambiwe mara mbili. Akachapa. Jina likatokea kwa Quynh, na papo hapo likatokea kwa Thạc.

"Nani kaandika kwenye kitabu changu?" Thạc akashtuka.

"Baba mkubwa, kitabu ni kimoja. Wewe unakichungulia kwa dirisha lako, baba mdogo kwa dirisha lake."

"Basi futa."

Akafuta. Likapotea na kwa Quynh.

"Kaka, sasa umeingia mpaka chumbani kwangu. Binti, rudisha."

Akarudisha.

"Futa," Thạc akasema. "Mkuu wa ukoo ni mimi. Na haya maandishi ya bluu yafanye meusi, tukachapishe."

Khuyên akafuta. Halafu akasema taratibu, "Ya bluu siwezi kuyageuza, baba mkubwa. Ni yale yaliyooza kwenye kitabu cha zamani. Lazima niandike nimeyatoa kwa nani."

"Kwani ni mengi?"

Khuyên akashika ukingo wa dirisha kwa mausi, akalivuta, akalivuta, mpaka likajaa skrini zote tatu. Akazipunguza kurasa zikawa ndogo, zikajipanga kama nguo kwenye kamba, kuanzia kushoto mpaka kulia. Yaani bluu tupu. Nyeusi ya kutafuta.

"Nani kakwambia yote haya?"

"Bibi Mận. Kila Jumatano asubuhi alikuwa anakaa hapo ulipokaa."

Thạc akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je?"

Khuyên akaukuza ukurasa wake. Bluu. Thạc, kazaliwa saa ya jogoo, yaani jioni, mwezi wa sita siku ya tatu, mvua ikinyesha. Mama yake akafariki siku ya tisa.

"Ya mvua umeiandika ya nini?"

"Bibi alisema nisiiache. Alikuwa amekubeba."

Mzee akavua miwani, akaifuta, na haikuwa na vumbi.

"Tufute na wewe basi, kaka?" Quynh akauliza.

"Nyamaza, Quynh." Akamgeukia Khuyên. "Si umesema ukiandika dirisha moja linatokea kote?"

"Ndiyo."

"Basi andika hapa kwangu. Chini ya babu, binti wa kwanza. Quynh atalisoma kwake."

Khuyên akachapa herufi moja moja, polepole, kama mtu anayekula kitu kitamu asitake kiishe. Akatoa nakala, akapanda pikipiki mpaka kwa bibi Mận, akamkuta anamenya karanga. Bibi akaushika ukurasa, akausoma, akarudia, kidole kikitembea chini ya jina lake.

"Mwaka mmekosea," akasema mwishowe, maana huko kila mwaka una mnyama wake. "Mmeandika wa paka. Mimi ni wa chui milia."

"Lakini bibi, cheti chako kinasema paka."

"Mama ndiye alisema hivyo. Msichana wa chui milia walisema ni mkali, nani alikuwa anamuoa? Akanipunguzia mwaka nipate mume. Mume mwenyewe hakuja. Nirudishieni chui wangu."

Khuyên akarudi dukani kwa pikipiki ile ile, akamrudishia.

Ukimaliza kusoma, naomba umtumie mwenzako mwenye bibi ambaye hajaandikwa popote.