Isakkimuthu na Hariri ya Mkwe

"Iko wapi hariri ya mkwe wangu?"

"Sijui."

"Baba Kanthi, usinipandishe presha asubuhi hii! Jana niliiweka mwenyewe kwenye sinia, mbele ya mungu, nikaipaka manjano pembeni. Leo naamka kwenye sinia kuna pamba. Hariri imegeuka pamba yenyewe?"

"Labda mungu naye anaogopa moto," akasema Isakkimuthu, akaendelea kumimina mchanga kwenye ndoo.

Mkewe, Sornam, alisimama mlangoni mwa jiko, mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika kijiko cha dawa tamu ya tangawizi. Alikishika kama mtu anayetafuta paji la uso la kukitua. Nywele zake zilikuwa bado zinanukia mafuta ya ufuta. Mbingu ya mji wa Palayamkottai, kusini mwa India, ilikuwa inaanza kupauka, na mtaa mzima ulikuwa umeshaoga.

Hii ilikuwa Dipavali, sikukuu ya taa na fataki, ya kwanza ya Nambirajan tangu amwoe binti yao wa pekee, Kanthimathi. Dipavali ya kwanza bwana harusi hulala ukweni. Alfajiri hupakwa mafuta, huoga, hupokea nguo mpya kutoka mikononi mwa baba mkwe, huivaa, kisha hutoka nje kuwasha fataki ya kwanza, majirani wote wakimtazama kuanzia utosi hadi unyayo. Na nguo hiyo ni shuka ya hariri ya kujifunga kiunoni, yenye pindo la dhahabu. Baba mkwe akitoa pamba, ni sawa na kupanda juu ya paa na kutangaza kwamba binti aliyemwoza alikuwa wa kuokota.

Isakkimuthu aliyajua yote hayo. Lakini alikuwa ameapa kwamba hakuna mtu atakayesogelea fataki kwenye mtaa ule akiwa amevaa hariri.

Maisha yake yote alikuwa mlinzi wa geti la reli, kule barabara inapokatana na njia ya treni. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasubiri, naye akaipenda kazi hiyo kuliko chakula. Siku ya harusi yake mwenyewe alilifunga geti mbele ya msafara wa bibi harusi, kwa kuwa treni ilikuwa njiani. Treni ikachelewa. Wakwe zake wakakaa juani na ngoma zao mpaka maua ya shingoni yakanyauka, naye amesimama upande wa pili, amevaa nguo za harusi, ameinua bendera nyekundu. Treni ilipopita, wasema, dereva alimwonea huruma bibi harusi.

Alipostaafu hakuwa na treni tena, basi akaupa mtaa kazi hiyo. Serikali ilipoamua kwamba fataki zipigwe saa kumi na mbili asubuhi hadi saa moja, kisha tena jioni kwa muda kama huo, watu wengine walinuna. Isakkimuthu alifurahi kama aliyeletewa ratiba mpya ya reli. Kila Dipavali husimama katikati ya mtaa na bendera zake. Ndoo ya maji kulia, ndoo ya mchanga kushoto. Fataki moja kwa wakati mmoja, chini, mbali na paa la makuti la muuza maziwa. Haiwashwi kwa kiberiti bali kwa ubani mrefu, mkono umenyooshwa, uso umegeuzwa. Isiyolipuka hairudiwi. Mwaka mmoja chungu cha cheche kilizima kikiwa nusu, naye akakimwagia maji, akakiwekea kiti, akakilinda mpaka jua likaelekea kutua, na maiti mmoja akazungushwa njia ya nyuma kwenda makaburini. Hata mbwa wa mtaa ule wamezoea: wakiona bendera ya kijani huingia uvunguni wenyewe, kwa foleni.

Na kweli, hakuna aliyeungua mtaani tangu astaafu. Ila masharubu yake mwenyewe, siku alipokuwa akiwaonyesha watu namna ya kutoinamia fataki.

Walimcheka, lakini ile habari ya hariri hakuna aliyeicheka mbele yake. Kaka yake mkubwa, Sudalai, alitoka nje kwenye Dipavali yake ya kwanza akiwa amependeza. Cheche moja ikatua kwenye ile iliyoitwa hariri. Nguo haikuungua ikaisha, iliyeyuka, ikamgandia. Sudalai aliishi miaka mingi baada ya hapo, mguu mmoja umekunjamana kama tunda chungu la karela, na hakuvaa tena nguo inayoishia juu ya magoti.

"Ile ilikuwa nailoni," Sornam akasema, maana baada ya miaka yote ile alijua mumewe anawaza nini. "Hii ni hariri ya kweli. Nimeichagua kwa mkono wangu."

"Sudalai naye aliambiwa ni ya kweli."

"Mama yake Nambirajan ataniuliza jambo moja tu: pindo lilikuwa na upana gani. Kanthi atamjibu nini?"

"Atamjibu kwamba mume wake ana miguu miwili."

"Nani aliyewahi kusifiwa ukweni kwa sababu ya miguu ya mumewe?"

Sauti ikaruka ukuta kutoka nyumba ya pili. Alikuwa Pechiammal, dada yake Isakkimuthu, ambaye hajawahi kusikia ugomvi akauacha upite. "Kaka! Saa kumi na mbili imepita! Ubani unaniishia mkononi! Mtaa mzima unangoja bendera yako!"

"Wangoje!"

"Wifi, mvishe mkwe gunia basi, mradi tuanze! Wenzetu wa mtaa wa pili karatasi nyekundu za fataki zimeshajaa mlangoni, sisi kwetu kweupe kama kwenye msiba!"

"Gunia utamvisha mkwe wako, wifi, ukimpata!" Sornam akajibu, kisha akashusha sauti, na hapo ndipo Isakkimuthu alipoogopa. "Kanthi analia kule chumbani. Anasema baba yake anampenda mume wake kuliko yeye."

Isakkimuthu akaweka kopo la mchanga chini. Treni angeweza kuisimamisha. Kilio cha Kanthimathi hakijapata kupatiwa bendera. Akaenda kwenye pipa la mchele, akazamisha mkono hadi kwapani, akaivuta hariri. Nyeupe, pindo la rangi ya damu ya mzee lililofumwa kwa dhahabu, punje za mchele zikidondoka kila kona.

"Mungu akupe umri mrefu," Sornam akasema, machozi yakimlengalenga. "Nilijua wewe si jiwe. Lete niikung'ute."

"Ngoja."

"Ningoje nini tena?"

Alipita mbele yake, akalipita sinia, akainama, akaizamisha hariri yote kwenye ndoo ya maji. Akaikandamiza kwa mikono miwili mpaka mapovu yakakoma.

"Hariri umetaka, hariri utapata," akasema. "Iliyolowa haishiki moto. Sasa hebu niambie nani ameshindwa hapa."

Sornam aliinamia ndoo. Maji ya ndoo yalianza kuwa ya waridi, kisha mekundu kabisa, na pindo la dhahabu likajikunja kama mnyoo.

"Baba Kanthi," akaanza, kwa sauti ambayo Pechiammal aliisikia akapanda juu ya tofali ili aone vizuri, "Baba Kanthi, mimi leo hii nitaku—"

Pazia likafunguka. Nambirajan aliingia, taulo kiunoni, mafuta bado yanamng'aa mabegani, akapiga magoti mbele ya baba mkwe wake kama alivyofundishwa kwao, akanyoosha viganja vyote viwili kupokea nguo yake mpya.