Lifti ya Shangazi

Uongozi wa ukumbi wa mpira wa kikapu ulitangaza, mbele ya kamera na utepe mwekundu, kwamba kwa kuzinduliwa kwa lifti hii hakuna shabiki atakayekosa uhondo. Shangazi wa Magongo, kama tunavyomwita sisi wa safu za juu, huipanda kila mchezo. Hukaa kiti kilekile, magongo mapajani, viganja vigumu kama soli. Hapigi makofi, hugonga chuma cha kiti kwa gongo. Sauti yake imechakaa kwa kugombeza waamuzi: “Refa, mwanangu, hayo macho umeyaazima kwa nani?”

Mchezo ukikaribia kuisha, mhudumu wa lifti humjia akichezea funguo. Juzi alimjia timu yetu ikiwa imezidiwa pointi moja tu.

“Shangazi, twende. Zamu yangu inaisha.”

“Ndiyo kwanza panachangamka, baba.”

“Najua. Lakini nikishafunga, utalala humu.”

Tukasema tutambeba wenyewe. Mhudumu akatikisa kichwa: tangu lifti ije, kubebana ngazini ni marufuku. Shangazi akashusha pumzi, akakusanya magongo, akaenda huku akigeuka kutazama uwanja kila hatua, mpaka mlango ukamfungia. Mlinzi wa chini anasema ukumbi ulipolipuka kwa kelele, Shangazi alimuuliza taratibu, “Wetu hao, au wao?”

Kabla ya lifti tulikuwa tukimbeba ngazini juu ya kiti, kupanda na kushuka, na yeye ndiye aliyekuwa akitoka wa mwisho.