Jina la Mama Yake Khalfan

Miaka thelathini na moja Bi Mwanamize alichoma sindano za chanjo katika zahanati moja huko Ansab, Oman, na hakuwahi kuandika kadi ya mtoto bila kuuliza kwanza jina la mama. Alipostaafu akabaki na jina moja asilolijua, nalo la nyumbani kwao mwenyewe: la mama wa babu yake Khalfan.

Upande wa wanaume ulijulikana wote. Nasr bin Hatem, baba yake Khalfan, alitoka Oman kijana, akahamia Pemba, akapata mashamba ya karafuu na watumwa wa kuyalima. Hati zake zimo mpaka leo katika bweta la Saeed, kaka yake Bi Mwanamize: shamba linaanzia wapi, linaishia wapi, lina mikarafuu mingapi. Lakini mwanamke aliyemzalia Khalfan, suria, mtumwa aliyewekwa ndani na bwana wake, hakutajwa hata kwenye karatasi moja. Walichoambiwa ni kwamba alikufa akijifungua. Kila Shaabani ukoo ukikusanyika kwa khitma, Saeed huwaita wafu wao mmoja mmoja kwa majina ili waombewe. Akifika kwa huyo husema, "Na mama yake Khalfan," akapita haraka.

Mwaka huu Bi Mwanamize alitaka na huyo aitwe kwa jina lake. Akamwomba binamu yao Safwan, aliyebaki Unguja wengine walipohamia Oman, atafute kwenye madaftari ya zamani ya serikali ya Kiingereza.

"Umestaafu kuwachoma watoto," Saeed alimtania, "sasa unawachoma wafu?"

"Wafu hawalii, kaka. Anayelia nnamuona ni wewe."

Zilipobaki siku tisa kabla ya khitma, Safwan akatuma picha ya ukurasa kwa simu. Bi Mwanamize hakungoja, akaenda nayo Mabela kwa Saeed, maana Atheer, binti yake Saeed, alikuwa hodari wa Kiingereza. Atheer akaukuza mwandiko, akasoma polepole. Mwaka elfu moja mia tisa na tisa. Zafarani, suria wa Nasr bin Hatem, amekuja mwenyewe mbele ya hakimu kudai uhuru wake. Amepewa. Mtoto wake mmoja, Khalfan, miaka mitatu, atabaki kwa baba.

"Shangazi," Atheer akasema, "hakufa."

Saeed aliweka kikombe cha kahawa chini. Alikuwa mtu wa maneno, miaka yote aliyofanya kazi Bandari ya Sultan Qaboos makuli walimjua kwa sauti, lakini sasa alisema taratibu.

"Babu kamlilia mama yake mpaka anaingia kaburini. Kumbe bibi kaondoka kwa miguu yake."

"Kaondoka utumwani, kaka."

"Kamwacha mtoto wa miaka mitatu! Hilo hulioni? Jina hilo mimi silitaji mbele za watu, Mize. Mama yake Khalfan, basi, yatosha."

Bi Mwanamize akarudi Ansab. Kusema kweli, na yeye lilimchoma. Alikaa jikoni na vitunguu vyake, hakumenya hata kimoja. Akawakumbuka wale kina mama wa zahanati waliokuwa wakigeuza uso ukutani sindano ikiingia. Miaka yake ya mwanzo kazini aliwaona wana roho ngumu. Ilimchukua muda kujua kwamba wale ndio waliokuwa hawawezi kuvumilia maumivu ya watoto wao.

Akampigia Safwan. "Ndugu yangu, funua kurasa zinazofuata. Mwanamke hatoki akapotea hivi hivi."

Picha ya pili ilikuja siku mbili kabla ya khitma, naye akaipeleka Mabela, Atheer akasoma. Zafarani alirudi kwa hakimu mwaka uliofuata kumtaka mwanawe. Akajibiwa kwamba suria akiondoka bila idhini ya bwana wake, mtoto si wake tena. Akarudi tena. Mara ya tatu hakudai apewe mtoto, aliomba amuone tu siku za Ijumaa. Karani aliandika: ameambiwa aache kusumbua. Chini palikuwa na alama ya dole gumba.

Saeed alivaa miwani ingawa hasomi Kiingereza, akamwambia Atheer asome tena.

"Na babu hakuambiwa," akasema mwishowe.

"Hakuambiwa."

Saeed alivua miwani. Alisema tu, "Khitma saa kumi. Msichelewe na mikate."

Ijumaa ya khitma wanaume walijaa ukumbini, wanawake chumba cha pili, mlango wazi. Karatasi ya majina aliiandika Bi Mwanamize kama kila mwaka. Zafarani alimweka mahali pake, lakini mbele ya jina pakabaki patupu, kwani daftari lilisema hajui kwao wala wazee wake.

Saeed akaita. Hatem, babu wa wote. Nasr bin Hatem. Khalfan bin Nasr. Bi Mwanamize alimsikia akikohoa.

"Zafarani," Saeed akasema. Akakwama. "Zafarani bint..."

"Nani huyo?" mzee mmoja akanong'ona.

Bi Mwanamize alisimama mlangoni. Hakuwahi kupaza sauti mbele ya wanaume wa ukoo.

"Bint Hawa," akasema, kwa jina la mama wa watu wote, kama aitwavyo kila maiti asiyejulikana mama yake. "Hatuna mwengine wa kumpa."

Saeed hakugeuka kumtazama. "Zafarani bint Hawa," akarudia, na safari hii kwa ile sauti yake ya bandarini. "Mama yake Khalfan. Bibi yetu. Al-Fatiha."

Mikono ikanyanyuka ukumbi mzima, na ya yule mzee pia.