Kabla ya Kufuta Kisanduku cha Mtu

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani, mwanangu, nami nataka uisikie kabla hujaanza kazi yako mpya. Ni siku niliyotumwa nyumbani kwa Muzee Anselme, kule Shari, kumwambia kwamba direksyo yake, yaani idara aliyoiongoza, inatakiwa ifungwe.

Nilikuwa bado kijana, nimetoka masomoni Kisangani. Niliajiriwa na shirika kubwa la afya hapa Bunia, lenye vituo kuanzia Kasenyi ziwani hadi Epulu msituni. Kazi yangu ndiyo hii uliyopewa weye, ile tunayoiita kwa Kifaransa architecture d'entreprise. Watu waliniuliza kama najenga nyumba. Niliwaambia hapana, nachora shirika: nani anafanya nini, habari inatoka kwa nani kwenda kwa nani, kompyuta zinahifadhi nini, na kama vyote hivyo vinaelekea kule wakubwa wanakotaka kwenda.

Wakubwa wetu walitaka jambo moja tu: dawa zisikosekane tena vituoni. Walikuwa wamenunua programu mpya, wameongeza depo, na bado dawa zilichelewa. Nikazunguka, nikauliza, nikachora. Picha ilipokamilika, tatizo lilionekana wazi. Kila komande, yaani oda ya dawa ya kituo chochote, ilisubiri sahihi ya Muzee Anselme, direkta wa usafirishaji. Akienda kwao Mahagi kwenye matanga, komande zote zinalala. Basi nikachora picha ya pili, ya shirika tunalolitaka, na humo direksyo yake haikuwamo.

Mkuu wangu, Mama Joséphine, aliitazama kwa makini.

"Picha ni nzuri," alisema. "Muzee Anselme ameiona?"

"Ataiona kwenye mkutano, Mama, pamoja na wengine."

Akavua miwani. "Weye ungependa kusikia habari kama hiyo mbele ya watu wote? Enda kwake leo."

Nilikwenda kwa sababu nilitumwa. Muzee alinikaribisha vizuri, mke wake akaleta chai, nami nikatandaza karatasi zangu mezani. Akazitazama kwa muda mrefu.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Kwenye hii ya kwanza, Muzee. Ni hiki kisanduku."

"Na kwenye hii ingine?"

Nikamwonyesha mahali patupu. Alielewa. Akasukuma kikombe chake pembeni, akaniuliza, "Mutoto yangu, unajua sababu gani nilianza kusinia kila komande?"

Sikujua. Nilikuwa nimeuliza karatasi inakaa mezani kwake muda gani. Kwa nini ilifika mezani pale, sikuuliza hata mara moja.

Ndipo akanieleza. Miaka ya vita, dawa zilikuwa zikitoka depo na kuishia sokoni. Mkubwa wa wakati ule akamwomba asiruhusu karton yoyote itoke bila yeye kuiona. Akakubali, na polepole akaongeza jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kabla ya kutia sahihi, alipiga simu kwa watu walioko njiani: kwa mapadri, kwa wauza samaki, kwa madereva waliolala Komanda au Mambasa. Aliuliza kama kunapitika, kama kuna usalama. Wakisita, aliiacha komande mezani. Kuchelewa kule nilikokupima kwa bidii, kwingine kulikuwa kwa sababu Muzee hayupo, kwingine kulikuwa kunalinda maisha ya dereva. Kwenye picha yangu vyote vilionekana sawa.

"Munaweza kuondoa sinyatire yangu kwenye komande," alisema, bila hasira. "Ile programu yenu inaona kila karton. Lakini kuuliza njia, nani ataifanya? Kompyuta?"

Tukakaa kuchora upya. Tuliweka biro, ofisi ndogo ya kuulizia njia, isiyotia sahihi chochote; kazi yake ni kuiambia depo leo nendeni, leo ngojeni. Nilipomuuliza nani aiongoze, alijibu, "Mimi."

"Lakini Muzee, hiyo haiko biro ya direkta."

"Nimeona. Niko na macho."

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. "Na motokari ya kazi?" aliuliza.

"Itarudi kwa shirika," Muzee alimjibu.

Mama yule alikusanya vikombe, akatoka.

Kwenye mkutano Muzee aliomba kusema wa kwanza. Aliieleza picha yeye mwenyewe, kidole chake kikipita mahali direksyo yake ilipokuwa, na hakuna aliyepinga. Kuanzia hapo dawa zikaanza kufika, ingawa matope ya njia yalibaki matope. Asubuhi moja aliizuia lori ya Epulu, na wote tukanung'unika. Kabla jua halijazama tukasikia kwamba magari yameshambuliwa kwenye njia ileile. Dereva wa lori alikuja, akakaa kwenye kiti katika ile biro ndogo mpaka Muzee alipofunga mlango.

Usidhani hakuumia. Wako waliozoea kusimama anapopita, nao wakaacha. Alikuwa akija kazini kwa pikipiki, suruali ina vumbi. Mara moja nilithubutu kumuuliza. "Iliniuma," alisema. "Inaniumaka hata sasa. Lakini dawa inafika." Kisha akachukua simu, akaendelea kuuliza habari za njia.

Basi mwanangu, nakuambia hivi. Utachora mashirika makubwa, na wakubwa watapenda picha zako kwa kuwa ni safi. Kabla hujafuta kitu, uliza kilizaliwa kwa shida gani, na kama shida hiyo imekwisha kweli. Ndani ya kazi iliyozeeka huwa kuna kazi ingine ambayo haijaandikwa popote. Itafute, uipe mahali. Na mtu ambaye picha yako itamwondolea kiti, mwendee kwanza weye mwenyewe, nyumbani kwake, umpe nafasi ya kusema. Mwingine atakufukuza, na hiyo pia ni haki yake. Lakini mpango uliokubaliwa na aliyepoteza kitu kwa ajili yake utadumu kuliko ule uliopitishwa kwa kura za wasiopoteza chochote.

Mungu akupe macho ya kuona mbali na masikio ya kusikia karibu. Akulinde weye na wenzako, ofisini na njiani, na kazi ya mikono yako iwafikie wagonjwa wasiojua jina lako.