Maziwa ya Saa Nne

Jirani yangu anatengenezewa geti. Tangu asubuhi fundi yuko nje anachomelea, na moshi umeingia dirishani bila hodi, ukakaa jikoni kwangu kama mgeni aliyekuja na begi. Mimi ni mtu wa nyumbani. Ukiacha Jumapili, safari yangu ndefu kwa wiki ni ya dukani na kurudi, kwa hivyo dunia ikinitaka lazima inifuate. Leo imenifuata kwa harufu. Wengine harufu ya chuma kilichoungua huisikia puani. Mimi huisikia ulimini, na ladha yake ni maziwa, tena yaliyotiwa maji.

Nieleze, maana naona mmeshaanza kunitazama.

Baba yangu alikuwa fundi wa kuchomelea huku kwetu Likoni. Chuo hakukijua. Kazi aliipata Changamwe, kwenye yadi ya matrela, ambako miaka miwili ya mwanzo alikuwa akiwashikia wenzake nyaya na kugonga yale magamba meusi yanayobaki juu ya chuma kilichounganishwa. Siku aliyoachiwa mashine mwenyewe, masikio yake yalikuwa yameshajua kazi kabla ya mikono. "Ukisikia kama viazi karai ndani ya mafuta, endelea," alikuwa akituambia. "Ukisikia kama paka anapiga chafya, acha." Siku moja, kwenye banda alilojifungulia karibu na nyumbani, alinivisha kinyago chake nijaribu. Paka wangu alipiga chafya mara tatu, kisha ile stiki ya kuchomelea ikanata kwenye chuma, nikawa naivuta kama mtu anayeng'oa muhogo. Mutua, kijana wa Ukambani aliyekuwa akijifunza kazi kwa Baba, alinitazama kwa huruma.

"Mwanaidi, rudi tu jikoni. Huko pia kuna moto."

Kwa hivyo mimi nikapewa kazi ya kupeleka maziwa. Mafundi wote wa kuchomelea niliowajua waliamini jambo moja: moshi wa chuma hushika kifuani, na maziwa ndiyo huuosha. Kila siku ya kazi Mama alinunua pakiti moja ya nusu lita, akaichemsha, akaitia kwenye chupa, na saa nne ilipofika chupa ilitakiwa iwe mkononi mwa Baba. Sisi wengine tulikunywa chai ya mkandaa, nyeusi, haijui maziwa ni nini. Kwa muda mrefu niliamini maziwa ni kitu cha wanaume, kama ndevu.

Likizo moja, nikiwa darasa la tano, imani hiyo ilinishinda. Kati ya nyumbani na banda la Baba palikuwa na msikiti mdogo wenye bomba la kutawadhia. Siku ya kwanza nilipiga funda moja nikaendelea na safari. Siku ya pili mawili, na upungufu ukaonekana shingoni mwa chupa, ndipo lile bomba likaniita. Nami nikajifunza kazi kama alivyojifunza Baba, bila cheti. Mwanzoni maji yalizidi, maziwa yakawa na rangi ya maji ya mchele. Baadaye nikajua kipimo, na nikajua kwamba ukitikisa chupa kabla ya kufika, povu hufunika mengi. Baba alikunywa yote, akapangusa masharubu, akasema, "Ahsante, mama." Nilijiona fundi kamili.

Kisha ikaja kazi ya Nyali, vyuma vya kushikilia ngazini kwa nyumba ya ghorofa, vyote vya bomba la galvanaizi, lile linalovishwa zinki lisishike kutu. Likichomwa hutoa moshi mweupe, mzito, na fundi mwenye nafasi hulisugua kwanza mpaka zinki itoke. Mwenye nyumba alikuwa na harusi ya mwanawe Ijumaa hiyo. Nafasi ya kusugua haikuwepo, na banda la Baba lilizibwa mabati pande tatu.

Siku ya tatu ya kazi hiyo jua lilikuwa kali, na mimi, wallahi, nilikunywa nusu chupa. Nusu iliyopungua niliijaza maji bombani. Nilipofika sikumwona Baba vizuri kwa ule moshi. Alitoa mkono, akapokea, akanywa, akarudisha chupa. Hakusema ahsante.

Alasiri Mutua alimleta nyumbani amemshika kwapa. Mombasa ile ya jasho, na Baba anatetemeka, meno yanagongana, anaomba blanketi. Mama alimfunika blanketi, akaongeza leso mbili, akaongeza na mkeka.

"Mdomoni nina ladha ya sarafu," Baba alisema. "Kama nimelamba senti."

"Ni moshi wa galvanaizi, mama," Mutua alimwambia Mama. "Lakini maziwa alikunywa. Nimemwona kwa macho yangu, alimaliza yote."

Mama alinigeukia. "Si ulimpelekea, Mwanaidi?"

"Abee. Nilimpelekea."

Na sikudanganya, na hilo ndilo hasa lililonitesa. Nilisimama mlangoni nikitazama blanketi linavyotikisika, tumbo langu limejaa dawa ya mtu mwingine. Nikakimbilia kwa Bi Rehema, jirani aliyekuwa na mbuzi mwenye kitoto, nikamwomba kwa kilio. Alimkamua mbuzi huku akiniuliza maswali ambayo sikuyajibu. Nilirudi na kikombe nimekishika kwa mikono miwili, sikumwaga hata tone, na sikuonja, iwe kheri yangu moja ya siku ile. Baba aliinuliwa kichwa, akanywa mpaka tone la mwisho.

Akaendelea kutetemeka vilevile.

Nilikaa chini karibu na miguu yake nikisubiri maziwa yafanye kazi. Hayakufanya. Nikajua nimechelewa.

Asubuhi homa ilikuwa imetoka kama ilivyoingia. Baba akanywa mkandaa wake, akaenda kumaliza ngazi za watu. Saa nne nilimpelekea chupa imejaa pomoni, nimetembea kama niliyebeba mayai. Alipiga funda la kwanza, akaitazama chupa juani.

"Leo ng'ombe kapona," alisema.

Mutua hakuelewa. Mimi nilielewa, nikatamani ardhi initie ndani. Baba hakusema neno jingine, si siku hiyo, si kwa Mama, si hata niliposhika mimba ya kwanza nikawa natapika kila chenye maziwa. Mtu anayejua chuma kimeshika kwa kusikiliza tu, vipi asijue maji? Alijua tangu funda la kwanza la likizo ile. Alikuwa akininywesha.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa kemia alituambia maziwa hayaoshi moshi wowote. Moshi huenda kwenye mapafu, maziwa huenda tumboni, wala hawakutani njiani. Kinachosaidia ni hewa na barakoa ya maana. Darasa zima liliandika. Mimi niliweka kalamu chini. Miaka minne nilikuwa nimebeba dhambi ya kumwibia Baba dawa, na dawa yenyewe haikuwepo. Mngedhani nilifurahi. Lakini kama kosa halikuwa langu, basi hapakuwa na tone ambalo ningeweza kulirudisha.

Siku hizi Baba hafanyi kazi. Kikohozi chake hukisikia nikiwa bado njiani, kimetoka kunipokea. Nilishamweleza habari ya maziwa na mapafu. Alisikiliza kwa adabu, kama anavyosikiliza matangazo ya vifo ya watu asiowajua.

"Sasa tungekunywa nini, mama?" aliniuliza.

Kila Jumapili najikokota kutoka kwangu, mimi nisiyependa safari, nikampelekee pakiti moja. Huitazama kwanza.

"Ng'ombe mzima?"

"Mzima, Baba."

Humimina vikombe viwili, changu akakijaza zaidi, kisha tunakunywa, naye anakohoa.