Fundi Sikio na kompyuta iliyolia chini kwa chini

Asubuhi hii ushoroba wa vibanda, chini ya jengo la ghorofa, umeshachangamka. Mwuza spika anaijaribu spika kubwa kwa wimbo uleule wa jana. Mashine ya kinyozi inanguruma. Mwuza mabegi anavuta zipu, juu, chini, juu, kumthibitishia mteja kwamba haikwami. Katikati ya vurugu hiyo, ndani ya kibanda chenye upana wa kitanda, mwanamke wa makamo ameinama juu ya kompyuta mpakato kuukuu. Sikio lake la kushoto limeigusa. Macho ameyafumba. Asiyemjua angedhani amesinzia kazini.

"Nyamaza," anasema.

Mteja aliyesimama mbele yake hajatamka neno. Anafunga mdomo hata hivyo.

Huyu ndiye Fundi Sikio. Jina alilopewa na wazazi wake wapo wanaolijua, lakini ukiliulizia hapa watakuangalia kama umepotea njia. Uliza aliko Sikio, utaoneshwa kwa vidole vitano.

Kwenye kibanda chake kuna neno moja lililopigwa marufuku. Ukifika na kompyuta inayotoa mlio na kugoma kuwaka, halafu ukasema "imekufa," anakurudisha nje uingie upya.

"Sema inalia," huwaambia. "Kilichokufa hakilii."

Wateja hucheka. Yeye hacheki. Kwake lugha yetu imeshamaliza kazi kabla fundi hajashika bisibisi: kengele inalia, simu inalia, mtoto analia, na neno ni hilohilo moja.

"Mkunga akipokea mtoto anangoja nini?" anauliza. "Kilio! Mtoto akilia, watu wanashangilia. Sasa wewe kompyuta inakulilia, unaniletea habari za msiba?"

Mteja wa leo, mtu mzima mwenye mvi kidevuni, amesharudishwa nje mara moja. Ameingia tena na kusema, "Mama, inalia," kwa sauti ambayo nayo haikuwa mbali na kilio.

Ni fundi wa tarizi. Kompyuta yake ameileta imeviringishwa ndani ya sweta ya shule, kama mgonjwa aliyetolewa kitandani kwa haraka. Mashine yake ya kutarizi ni ya zamani, na inapokea michoro kwa waya mnene unaochomekwa kwenye tundu pana. Kompyuta za siku hizi hazina tundu hilo. Michoro yenyewe, nembo za shule alizozichora kwa mkono wake miaka na miaka, imo humu tu.

Shule inakaribia kufunguliwa. Marobota ya sweta yamejaa karakana, vifua vitupu. Mwalimu mkuu amempa mpaka leo jioni. Ikifika jioni nembo hazijashonwa, marobota yanahamia karakana nyingine, na kazi ya shule hiyo hairudi tena.

"Nina akina dada wawili pale kwenye mashine," anasema. "Wamekaa wanatazamana. Niwaambie nini, Mama? Warudi nyumbani?"

"Hatujafika huko," Fundi Sikio anamjibu. "Kaa. Halafu acha kutikisa mguu, meza yangu inacheza."

Kompyuta ikiwashwa, kabla skrini haijaonesha hata nukta, hujikagua viungo vyake kimoja kimoja. Ikikuta kasoro mapema kabisa, wakati haina bado uwezo wa kuandika chochote, inachoweza ni kupiga mlio. Ipo milio mifupi na mirefu, na mpangilio wake ndio ujumbe. Tatizo ni kwamba kila kampuni ina mpangilio wake.

"Kila mmoja na lafudhi yake," anasema Sikio. "Ukisikiliza hii kwa masikio ya ile, utabadilisha kisichoumwa."

Kompyuta ya fundi wa tarizi, kila aliyeisikiliza alisikia milio mitatu mifupi. Kwa aina hiyo, mitatu ni ramu, kile kijiti chembamba kinachoshikilia kazi ambayo kompyuta inaifanya wakati huo. Mafundi wawili walishabadilisha ramu. Wa pili akamshauri aitupe, anunue mpya.

"Nikamuuliza, hiyo mpya ina tundu la waya wangu? Akasema nibadilishe na mashine ya kutarizi. Nikamwambia, basi nibadilishe na kichwa changu kabisa!"

Sikio hawacheki wenzake. "Hata mimi nimesikia tatu," anakiri. Anachomoa ramu, anayasugua meno ya kijiti hicho, ya rangi ya dhahabu, kwa kifutio cha penseli, anapuliza, anairudisha. Pi, pi, pi. Anapachika nyingine kutoka kwenye kisanduku chake, ambayo jana tu ilikuwa inafanya kazi. Pi, pi, pi.

"Tunamsingizia," anasema, akiirudisha ya kwanza mahali pake. "Huyu hana kesi."

Sikio hilo halikuanza na kompyuta. Ujana wake wote alikuwa mpokea simu wa kiwanda cha sabuni, kwenye chumba kidogo chini ya ngazi, akiunganisha mameneja na dunia. Mafundi wa simu walipokuja walimkuta ameshajua wapi pabovu.

"Waya ukilowa unachemka kama mafuta kwenye kikaango," anaeleza. "Ukilegea, unakwaruza. Na bosi aliyekwambia useme hayupo, unamsikia anavyopumua hapohapo kwenye laini!"

Kisha kiwanda kikaweka mtambo unaojiunganishia simu wenyewe. Mpokea simu akaagwa kwa keki na saa ya ukutani.

"Saa yenyewe ilikuwa inachechemea. Tik, kimya, tik-tik. Sikulala. Nikaifungua. Ndiyo kazi yangu ya kwanza ya ufundi, kurekebisha zawadi ya kufukuzwa."

Kompyuta alifundishwa na shemeji yake, mume wa dada yake mkubwa, aliyekuwa na kibanda hikihiki. Shemeji alimkubali kwa shingo upande, akiamini mama huyu atachoka vumbi na kurudi nyumbani.

"Alisema nitakimbia. Aliyekimbia ni yeye, sasa anafuga kuku. Nao nimeshamwambia: jogoo wako yule ana kifua."

Wiki ikiwa nzuri hupokea kompyuta kumi na tano hivi, na karibu nusu yake ni za kulia. Nyumbani, sikio halipumziki. Binti yake, anayesomea uuguzi, anasema kuishi na mama huyo kunataka moyo. "Simu yangu ikitetemeka chini ya mto, yeye yuko jikoni, anauliza, 'Huyo nani tena?' Hata kufungua friji kwa siri nimeshasahau."

Sasa kwenye kibanda, Sikio ameinua kichwa. Kuna kitu hakimpi raha. Baada ya ule mlio wa tatu, anasema, hakusikia kimya. Alisikia wimbo wa mwuza spika.

"Na wale mafundi wawili walisikia wimbo gani?" anajiuliza kwa sauti.

Anamwomba mwuza spika apunguze. Anapunguza. Mwuza mabegi anaiacha zipu. Inabaki mashine ya kinyozi.

"Mama, nipe dakika tano," kinyozi anajibu kutoka ng'ambo, mkono wake ukiwa kwenye shavu la mteja. "Nimefika nusu ya ndevu."

"Dakika tano za kinyozi!" anaguna Sikio.

Harudii ombi. Anauchomoa waya wa umeme wa kompyuta na kuipachika betri aliyoitoa kwenye mzoga wa kompyuta ya aina hiyohiyo. Betri nayo ni mgonjwa, ina pumzi ya kuwasha mara moja au mbili tu.

"Usiguse kitu," anamwambia fundi wa tarizi. Anatoka, anakwenda moja kwa moja hadi kwenye ngazi, ilipo swichi kuu ya ushoroba, na kuishusha.

Taa zinazima. Feni zinalegea. Spika inakatiza mwimbaji katikati ya neno. Na mashine ya kinyozi inakata roho shavuni mwa mtu.

"Nani huyo!" kinyozi anapiga kelele. "Nani amezima?"

Sikio ameshaketi. Ameinua kidole kimoja bila hata kumtazama, na kidole hicho, kwa namna ambayo kinyozi mwenyewe hakuweza kuieleza baadaye, kinamfunga mdomo.

Anabonyeza kitufe cha kuwashia. Sikio linashuka.

Pi, pi, pi. Feni ya ndani inaanza kuvuma. Na chini ya mvumo huo, pale ambapo siku zote kelele za ushoroba zilikuwa zinafunika, kispika kilichochoka kinaendelea: pi, pi, pi, pi, nyembamba, chini kwa chini, bila kukoma.

Fundi wa tarizi naye ameisikia. Mkono umemwenda mdomoni.

"Haikulia mara tatu," anasema Sikio, macho bado yamefumba. "Haijawahi kunyamaza. Sisi ndio tuliokuwa tunaikatiza maneno."

Kwa kompyuta za aina hii, kilio kisichokoma hakina uhusiano wowote na ramu. Ni kitufe cha kibodi kilichobaki kimebonyea. Kompyuta inaamini kuna mtu ameikandamiza kidole, na haitawaka mpaka aiachie.

Kinyozi anakimbilia swichi. Taa zinarudi, mwimbaji anamalizia neno lake. Sikio anafungua skrubu, anazipanga kwenye kifuniko cha chupa, anainyanyua kibodi taratibu kama mtu anayefunua kidonda. Kwenye pembe ya chini, chini ya vitufe ambavyo mkono wa fundi wa tarizi hupita kila siku, kuna bonge la vumbi na nyuzi. Nyekundu, kijani, njano. Uzi mmoja umejiviringisha kwenye mguu wa kitufe na kukivuta chini.

Fundi wa tarizi anausogelea. "Huo wa njano ni wa sekondari ya wasichana," anasema kwa mshangao. "Nembo yao ina jua. Niliwashonea mwaka juzi!"

"Basi jua limekaa humu tangu mwaka juzi," anajibu Sikio, na kuutoa kwa kibano. "Unakula juu ya kompyuta?"

"Hapana, Mama."

"Unakatia nyuzi juu yake?"

Kimya.

"Nimekusikia," anasema Sikio.

Anarudisha kibodi na kuwasha. Unatoka mlio mmoja, mfupi, safi, kisha kimya. Kwa kompyuta hii, huo mmoja ndio salamu ya mzima. Skrini inaangaza, na ndani yake nembo zinajipanga: jua, kitabu, mwenge, ndege mwenye mabawa mawili yasiyolingana. Fundi wa tarizi anazitazama kama mtu anayehesabu watoto baada ya kuvuka barabara. Kisha anapiga simu karakana, akipaza sauti hadi mwuza mabegi anageuka.

"Vaeni miwani, akina dada! Nakuja nayo! Inalia... hapana, hailii, imenyamaza! Washeni mashine!"

Anaondoka mbio, kompyuta kifuani, sweta begani.

Alasiri anapiga simu kutoa habari. Robota la kwanza limeondoka, la pili linakunjwa, na mwalimu mkuu amekuja mwenyewe, amepapasa nembo kwa kidole gumba na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma ya sauti yake mashine inasikika ikitarizi kwa kasi. Sikio anasikiliza kidogo.

"Hongera, fundi mwenzangu," anasema. "Sasa kaza sindano. Moja imelegea."

Upande wa pili wa simu mashine inazimwa. Halafu inasikika sauti ya mwanamke, mbali na simu, ikisema, "Ni kweli, kaka. Hii hapa."

Anachokitaka Fundi Sikio ni kitu kidogo ambacho ushoroba hauna: mlango. Juu, ghorofa ya pili, kuna stoo ya maboksi ambayo mwenye jengo amekubali kumpangisha mwezi ujao. Ameshaipima kwa hatua. Kuta ataziwamba magodoro ya zamani yameze kelele, na ndani ataweka meza ndefu, viti vinne na wanafunzi wanne.

"Nitawaanza bila bisibisi," anasema. "Wiki nzima wanasikiliza tu. Atakayeniambia 'imekufa,' mlango ni ule."

Mpaka hapo bado yuko chini, na chini kuna kinyozi. Jioni, vibanda vinapoanza kufungwa, anakuja amekunja mikono, mwuza spika nyuma yake akiwa shahidi asiye na upande.

"Mama, mteja wangu alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wakwe," anaanza. "Akatoka nje kuangalia umeme, nusu uso ndevu, nusu uso ngozi. Watu wakamwona! Nimemmalizia, ndiyo, lakini ameapa harudi. Leo umetaka kusikia kompyuta. Kesho ukitaka kusikia mbu akipiga chafya, tuzime mji?"

Mwuza spika anacheka. Sikio naye anatabasamu, kwa sababu maneno yamekaa vizuri na yeye hajawahi kuwa mchoyo kwa mtu mwenye maneno.

"Ana haki ya kukasirika," anakubali, akimwambia mwuza spika huku akikusanya skrubu zake.

"Basi sema samahani," kinyozi anasema, na sauti yake sasa haina mzaha. "Neno moja tu, Mama. Yaishe."

Fundi Sikio anavuta pazia la bati hadi nusu, anageuka, anamtazama usoni.

"Nilikuomba, hukuzima. Nikazima. Mtu amerudi na kazi yake, akina dada wawili wamebaki na yao, na ndevu zimenyolewa. Siombi radhi, mdogo wangu. Si leo, wala usinisubirie kesho."